Samaki wa kigeni hawezi kumsemea ngege

Kuna karatasi moja ipitayo mezani kwa watumishi wengi wa umma, ikapigwa mhuri, ikatiwa jaladani, na mambo yakaishia hapo. Karatasi hiyo husema kwamba maji machafu yatokayo katika bwawa fulani, au kiwanda fulani, au hospitali fulani, "yametimiza viwango". Afisa aliyeitia sahihi hakudanganya. Viwango vimo katika Kanuni za Mazingira za mwaka 2007 zihusuzo ubora wa maji, naye amevitazama kimoja kimoja. Oksijeni inayohitajiwa na bakteria kuozesha uchafu isizidi miligramu 30 kwa lita. Zebaki, risasi, kromiamu na vinginevyo, kila kimoja na mpaka wake. Vyote viko sawa. Basi maji hupewa ruhusa ya kwenda zake mtoni, ziwani au baharini.

Lakini orodha hiyo ndefu haitaji dawa hata moja. Ni orodha ya madini, kemikali na vijidudu vya kinyesi. Swali la mtoto mdogo, yaani je, samaki akitiwa ndani ya maji haya ataishi, atakua na atazaa, halimo. Hapo ndipo penye kasoro, na kasoro hiyo imeachwa kwa muda mrefu mno kwa visingizio ambavyo vikichunguzwa huanguka vyenyewe.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba dawa haifi pale inapomezwa. Mgonjwa amezapo kidonge, sehemu ya dawa hufanya kazi yake na sehemu nyingine hutoka kwa mkojo na choo ikiwa bado na nguvu zake. Kutoka hapo huingia shimoni au katika bomba, na bomba humwaga katika mabwawa ya kutulizia maji machafu. Mabwawa hayo ni ufundi mzuri, unaofaa nchi ya jua. Mwanga, hewa, mwani na bakteria huozesha uchafu na kuua vijidudu, bila ya umeme wala mitambo ya kuagizwa ng'ambo. Hayakubuniwa, hata hivyo, kuvunja karbamazepini, dawa ya kifafa, ambayo hupita hata katika mitambo ya Ulaya yenye gharama kubwa na kutokea upande wa pili ikiwa karibu nzima. Watafiti waliopima maji ya bonde la Mto Nairobi, katika taarifa zilizotolewa mwaka 2012 na 2016, walikuta humo antibiotiki, dawa za maumivu na dawa za kupunguza makali ya UKIMWI. Mwaka 2022 ilitolewa taarifa ya upimaji wa mito ya dunia nzima, mahali 1,052 katika nchi 104. Miji iliyoongoza kwa mabaki ya dawa mitoni ilikuwa Lahore, La Paz na Addis Ababa. Haikuwa London wala New York. Katika robo ya mahali pote palipopimwa, walau dawa moja ilivuka kiasi kinachodhaniwa kuwa salama.

Neno "kinachodhaniwa" ndilo lenye mzizi wa mgogoro wote. Kujua kiasi cha dawa kilichomo majini ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua kiasi hicho kinamfanya nini kiumbe, na jambo hilo halipatikani kwa kukokotoa mezani. Hupatikana kwa kumweka kiumbe majini na kumtazama.

Mfano mkubwa kuliko yote unatoka Patancheru, karibu na mji wa Hyderabad, India. Mji huo na vitongoji vyake hutengeneza madawa ya kuuzwa dunia nzima, na nchi za Afrika Mashariki ni miongoni mwa wanunuzi. Viwanda vipatavyo 90 vilikuwa vikipeleka maji yao machafu katika mtambo mmoja wa pamoja, na mtambo huo ukiisha kuyasafisha huyamwaga katika kijito. Watafiti wa Sweden, wakiongozwa na Joakim Larsson, waliyapima maji hayo na kutoa matokeo mwaka 2007. Walikuta siprofloksasini, antibiotiki inayojulikana katika kila zahanati, kwa kiasi cha hadi miligramu 31 katika kila lita. Kiasi hicho chazidi kile kinachokuwamo katika damu ya mgonjwa aliyekwisha kumeza dozi yake! Walikadiria kwamba kwa siku moja tu mtambo ule ulimwaga zaidi ya kilo 40 za dawa hiyo, sawa na matumizi ya nchi nzima ya Sweden kwa siku tano. Ikumbukwe kwamba hayo hayakuwa maji ya kiwandani yaliyovuja usiku. Yalikuwa maji yaliyokwisha "kusafishwa".

Wangeweza kuishia hapo, taarifa ikasomwa, watu wakatikisa vichwa. Hawakuishia hapo. Maji yale yalichukuliwa yakawekewa viluwiluwi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Kwa sehemu moja tu ya maji ya Patancheru ndani ya sehemu 500, ukuaji wa viluwiluwi ulipungua kwa asilimia 40. Chura aliyetumika, kwa kejeli ya mambo, asili yake ni Afrika Magharibi. Basi chura wa Kiafrika alifugwa katika maabara ya Ulaya ili aonje sumu ya Asia, na Afrika yenyewe, inayomeza dawa zile zile na kuzitoa katika mito yake yenyewe, haijawapa hata vyura wake nafasi ya kuulizwa.

Yaliyofuata huko India yanafundisha pia. Mwezi Januari mwaka 2020 serikali ilitangaza rasimu ya kuweka mipaka ya antibiotiki katika maji machafu ya viwanda vya dawa. Ilipotoka kanuni yenyewe mwaka 2021, mipaka ile ilikuwa imeondolewa. Hakuna haja ya kuwa mpiga ramli kufahamu ni nani aliyefurahi siku ile. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake juu ya maji machafu ya viwanda vya antibiotiki mwezi Septemba mwaka 2024, miaka kumi na saba baada ya taarifa ya kwanza ya Patancheru. Mwongozo ni mwongozo. Haumfungi mtu.

Wako watakaosema kwamba Patancheru ni kiwanda, na kwamba maji ya mabwawa ya mijini hubeba kiasi kidogo mno, nanogramu chache, kitu cha kuchekesha. Msemo huu hupendwa na watu wenye shahada, kwa sababu unasikika kama hesabu. Jibu lake liko Kanada, katika ziwa dogo lisilo na jina, linalojulikana kwa namba 260 tu, kaskazini-magharibi ya jimbo la Ontario. Kwa miaka mitatu, 2001 hadi 2003, watafiti walitia katika ziwa lile homoni inayotumika katika vidonge vya uzazi wa mpango, kwa kiasi cha nanogramu tano hadi sita kwa lita. Ni kama kuyeyusha gramu moja katika lita milioni 200. Samaki dume wakaanza kutengeneza protini ya kiini cha yai, ambayo ni kazi ya jike. Katika korodani za baadhi yao yakaonekana mayai. Idadi ya samaki wadogo wa aina moja, waliokuwa chakula cha wakubwa, ikaporomoka hata wakakaribia kwisha kabisa ziwani. Taarifa ya Karen Kidd na wenzake ilitolewa mwaka 2007, nayo ilieleza jambo ambalo kila afisa wa maji angepaswa kulijua: samaki wale hawakufa kwa sumu. Waliacha kuzaa.

Jambo hilo linavunja pia imani katika kipimo cha haraka. Kipimo cha kawaida cha samaki huchukua saa 96. Samaki huwekwa majini, na baada ya siku nne huhesabiwa waliokufa. Ziwa 260 lingefaulu mtihani huo kwa alama zote. Ndiyo maana mtu asemaye "samaki walipimwa" hana budi kuulizwa: walipimwa kwa siku ngapi, na waliulizwa nini?

Sasa hapana budi kurudi nyumbani, Ziwa Victoria. Mwaka 2020 watafiti walitoa taarifa juu ya maji ya upande wa Uganda, katika ghuba ya Murchison na nyinginezo, wakitafuta dawa 24. Walizikuta antibiotiki, ikiwamo ile iliyomo ndani ya septrini, wakazikuta na dawa za maumivu na za kifafa. Kisha wakafanya hesabu ya hatari: kiasi kilichokutwa majini kikagawanywa kwa kiasi kinachohesabiwa kuwa hakimdhuru kiumbe, na kwa baadhi ya dawa jibu likavuka mpaka. Kazi hiyo ni ya kusifiwa, na wala si kosa la waliofanya utafiti kwamba kigawanyo katika hesabu za namna hiyo huazimwa. Hutolewa katika majaribio yaliyofanywa ng'ambo, juu ya viumbe wa ng'ambo. Mdudu maarufu kuliko wote katika vipimo hivyo, dafnia, hupimwa katika maji ya nyuzi 18 hadi 22, kama unavyoagiza mwongozo wa Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, ambalo ni chama cha nchi tajiri. Maji ya juu ya Ziwa Victoria hukaribia nyuzi 25 mwaka mzima, nayo yamejaa mwani wa aina yake, furu wa aina mamia wasiopatikana popote pengine duniani, na ngege, ambaye amekwisha pungua mno tangu sangara na samaki wengine wageni walipoingizwa katika miaka ya 1950 na 1960. Nani amemuuliza furu?

Huenda jibu lingekuwa kwamba furu ni mgumu kuliko samaki wa kigeni. Huenda likawa kinyume. Hatari ya kuazima jibu ilionekana wazi katika Asia ya Kusini. Diklofenaki, dawa ya maumivu, ilikwisha pimwa kwa watu na kwa mifugo na kuonekana yafaa. Hakuna aliyempima tumbusi. Ng'ombe waliotibiwa kwa dawa hiyo walipokufa, tumbusi walikula mizoga, figo zao zikaharibika, na aina tatu za ndege hao zikapungua kwa zaidi ya asilimia 90 katika muda wa miaka kumi na mitano hivi. Sababu ilijulikana mwaka 2004 tu. Mwaka 2006 India, Pakistan na Nepal zikapiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo. Mizoga ilikwisha kulundikana, mbwa wa mitaani walikwisha ongezeka, na hasara ilikwisha kuwa ya binadamu. Mnyama aliyeangamia ni yule ambaye hakumo katika orodha ya kupimwa.

Hapa husimama bwana mkubwa mwenye kisingizio kingine, naye hukitoa kwa sauti ya huruma: nchi ni maskini, mitambo ya kupimia nanogramu ni ghali, wataalamu ni wachache. Ni kweli kwamba mtambo wa kutambua kila dawa kwa jina lake ni ghali, na kwamba ukiharibika husubiri fundi kutoka ng'ambo. Lakini ni nani aliyesema kwamba lazima ianzwe na jina? Marekani yenyewe, yenye mitambo yote hiyo, ilitangaza mwaka 1984 sera ya kuyapima maji machafu yakiwa mazima. Maji ya bomba la kiwanda au la mji huchukuliwa, huchanganywa na maji safi kwa viwango mbalimbali, kisha hutiwa samaki wachanga na wadudu wadogo wa jamii ya dafnia kwa siku saba. Wakiishi, wakakua, na wadudu wakazaa, vema. La sivyo, mwenye bomba ndiye atakayetafuta ni kitu gani katika maji yake kinachoua. Kipimo hicho hakitaki kujua kwanza kama sumu ni dawa, rangi ya nguo au sabuni. Tena hupima mchanganyiko wote kwa pamoja, jambo lisilowezekana kwa kuhesabu dawa moja moja, kwani samaki hakunywi karbamazepini siku ya Jumatatu na septrini siku ya Jumanne.

Vifaa vyake ni matangi ya kioo, pampu ndogo za hewa, hadubini, na mtu mwenye subira. Sato wachanga, ambao ni ndugu wa karibu wa ngege, huzalishwa katika mabwawa ya wafugaji wa samaki nchini kote. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi ina kituo Mwanza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kile cha Sokoine vina wanabiolojia. Kipimo hiki cha siku saba hakitagundua kila kitu, na kisa cha Ziwa 260 chatosha kuonyesha hivyo. Vipimo virefu, vya kizazi kizima, vifanywe na taasisi kwa dawa chache zinazotiliwa shaka. Lakini bomba ambalo maji yake huua samaki wachanga ndani ya juma moja halihitaji kizazi kizima ili lijulikane.

Hata shuleni kuna nafasi. Mwanasayansi wa Sweden, Albert Levan, alionyesha mwaka 1938 kwamba mizizi ya kitunguu hudhihirisha athari za kemikali, na tangu miaka ya 1980 kitunguu kimekuwa kipimo kinachoheshimiwa cha sumu katika maji. Kitunguu huwekwa juu ya gilasi, kitako chake kikigusa maji. Baada ya siku tatu mizizi hupimwa kwa rula na kulinganishwa na ya kitunguu kilichokaa katika maji safi. Mwalimu wa Baiolojia mwenye vitunguu, magilasi na glavu za mpira aweza kuyapima maji ya mto upitao nyuma ya shule yake. Kitunguu hakitamwambia ni dawa gani. Kitamwambia kama kuna sababu ya kuandika barua wilayani, na barua yenye vipimo vya muhula mzima haipuuzwi kwa urahisi kama ile yenye malalamiko matupu.

Kuna, mwisho, hoja inayovaa joho la utu: dawa huokoa maisha ya watu, na mtu ni bora kuliko kiluwiluwi. Nani aliyesema vingine? Hakuna anayetaka mgonjwa wa kifafa anyimwe kidonge chake ili furu astarehe. Lakini hoja hiyo imetumika kwa hila. Sheria ya dawa ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2001, kama ilivyorekebishwa mwaka 2004, ilitamka kwamba athari ya dawa ya binadamu kwa mazingira ichunguzwe, lakini isiwe kwa vyovyote sababu ya kuinyima kibali. Mwongozo wa kuchunguza ulianza kutumika Desemba mwaka 2006; dawa nyingi zilizokwisha kuwa sokoni kabla ya hapo zilibaki bila faili kamili la mazingira. Kwa hiyo hata huko kwenye fedha, mgonjwa aliwekwa mbele kama ngao, na nyuma ya ngao alisimama muuzaji. Tena mtu huyo huyo aliye bora kuliko kiluwiluwi hula dagaa, hunywa maji ya ziwa, na huugua. Antibiotiki iliyomo majini hufundisha bakteria kuizoea, na bakteria aliyekwisha fuzu katika mtaro hurudi wodini.

Kuhusu nani alipe, Ulaya imekwisha toa jibu kwa ajili yake yenyewe. Sheria mpya ya maji machafu ya mijini, iliyoanza kutumika Januari mwaka 2025, yaagiza mitambo mikubwa iongezewe hatua ya kuondoa mabaki ya namna hii, na watengenezaji wa madawa na vipodozi walipe angalau asilimia 80 ya gharama. Mwaka huo huo watengenezaji wa madawa wakakimbilia mahakamani kuipinga. Ikiwa makampuni haya yanapinga kulipa kwa ajili ya Mto Rhine, ambao hupita katika miji ya wenye hisa wao, ni nani anayetarajia kwamba yatajitolea kwa ajili ya Msimbazi?

Hayatajitolea. Hapana budi yaagizwe. Kila mwenye kuomba kibali cha kuuza dawa nchini na aambatanishe faili la majaribio ya mazingira alilokwisha lipeleka Ulaya. Faili hilo lipo, limepigwa chapa, na kulidai hakuhitaji maabara bali barua moja ya Mamlaka ya Dawa. Pale ambapo halipo, mwombaji agharimie kipimo cha mwani, cha mdudu na cha samaki, nacho kifanywe katika maabara za Afrika Mashariki, kwa viumbe wa Afrika Mashariki, katika joto la maji ya Afrika Mashariki. Nchi zinazolizunguka ziwa tayari zina shirika lao la uvuvi huko Jinja, lililoanzishwa mwaka 1994, lenye uwezo wa kuhakikisha kwamba sumu iliyokataliwa Mwanza haihamii Kisumu. Nayo Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lingeanza na mabomba ya hospitali kubwa na ya viwanda vya dawa, kwa kipimo cha siku saba, kabla ya kwenda kwa mengine.

Kanuni za mwaka 2007 hazikuteremshwa kutoka mbinguni. Zilitungwa na Waziri mwenye dhamana ya mazingira chini ya Sheria ya mwaka 2004, naye aweza kuziongezea mstari mmoja katika jedwali, unaotaja samaki wachanga na siku saba. Mpaka mstari huo utakapoandikwa, afisa atakayeletewa ile karatasi anaweza angalau kuishika kabla ya kuipiga mhuri, na kuandika pembeni yake kwa kalamu nyekundu: viumbe havikupimwa.